Ukata na Pengo: Uhakiki wa Andiko la Kuomba Ufadhili wa Utafiti

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya teolojia tumezoea kuhakiki mahubiri, nyimbo za ibada na vitabu vya wanateolojia wenzetu. Lipo andiko moja ambalo hatulihakiki, ingawa huenda ndilo linaloandikwa kwa jasho kubwa kuliko mengine yote, nalo ni andiko la kuomba ufadhili wa utafiti. Mhadhiri kijana aliyemaliza shahada ya uzamili au ya uzamivu huliandika usiku, akiisha kusahihisha mitihani na kuandaa mahubiri ya Jumapili. Andiko hilo halichapishwi. Husomwa na watu wachache katika ofisi ya mbali, kisha hufungiwa katika jalada. Hata hivyo ndilo linaloamua ni nani atakayepata mwaka mmoja wa kusoma na kuandika bila kukatizwa, ni swali gani litakaloulizwa juu ya watu wetu, na mara nyingi ni kwa lugha gani jibu litatolewa.

Makala haya yanalichukua andiko hilo kuwa aina ya maandishi yenye kanuni zake, na kuliuliza swali la kiteolojia: je, linamzoeza mwandishi wake kusema kweli juu ya jirani yake? Mifano itatolewa katika Wilaya ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Tuanze na kata ya Ukata, iliyomo katika Wilaya ya Mbinga. Katika Kiswahili cha washairi, ukata ni hali ya mkata, yaani mtu asiye na kitu. Sisemi kwamba jina la kata hii lina maana hiyo, kwa kuwa majina ya mahali yana asili zake. Lakini mfanano huo unatufaa kama fumbo, kwa sababu ndivyo hasa andiko la maombi linavyomtaka msomi kijana aliandike kila mahali atokapo: kama mahali pasipo na kitu.

Kanuni za andiko hili

Wafadhili ni wengi na hawafanani. Lipo Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lililoundwa Lund mwaka 1947, ambalo limewasomesha watumishi wengi wa makanisa yetu. Lipo shirika la Kijerumani la DAAD. Lipo baraza la CODESRIA lenye makao yake Dakar, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo limetoa ruzuku ndogo kwa Waafrika wanaoandika tasnifu. Ulikuwapo pia mpango wa African Humanities Program, ulioanzishwa mwaka 2008 na Baraza la Jumuiya za Wasomi la Marekani kwa wasomi wa Afrika Kusini, Ghana, Nigeria, Tanzania na Uganda, ukitoa nafasi za kumalizia tasnifu na za utafiti baada ya uzamivu.

Pamoja na tofauti zao, andiko wanalolitaka lina viungo vilevile. Kuna muhtasari, maelezo ya tatizo, mapitio ya yaliyokwisha kuandikwa, maswali, njia ya utafiti, mpango wa kazi, bajeti, maelezo ya mwombaji na barua za wadhamini. Kila kiungo kina kazi ya haki. Mtu anayetoa fedha za wengine anapaswa kujua zinakwenda wapi, na mwombaji anayelazimika kuandika mpango wa miezi 12 hugundua mapema kama swali lake ni la mwaka mmoja au la maisha yote. Kwa hiyo sikubaliani na wale ndugu wasemao kwamba kazi hii ni ya kidunia, isiyomstahili mchungaji. Mtume Paulo alipanga safari, akakusanya changizo na kueleza kwa sharika fedha zitapelekwa na nani (1 Kor. 16:1-4, 2 Kor. 8:16-21).

Shida imo ndani ya kiungo kimoja kinachovitawala vingine vyote, nacho ni kile kinachoitwa pengo. Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba kuna jambo ambalo halijajulikana. Sharti hilo ni jema, lakini kwa mazoea limegeuka kuwa jambo lingine: mwombaji hushawishika kuonyesha kwamba hakuna lolote lijulikanalo.

Pengo na amri ya nane

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya, lakini ambao msomaji aliyewahi kupitia maandiko ya namna hii ataitambua sauti yake. Kijana wa Mbinga anaomba fedha za kuchunguza upatanisho katika familia za Kikristo. Anaandika:

"Wamatengo ni jamii iliyosahauliwa. Hakuna utafiti wa maana uliofanywa juu ya maisha yao, na Kanisa halijui lolote kuhusu desturi zao. Utafiti huu wa kwanza utaziba pengo hilo na kuwaletea wanakijiji mwanga."

Sentensi ni tatu tu, na hakuna hata moja iliyo kweli. Mwaka 1938 Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Harry Basehart, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha makala juu ya historia yao mwaka 1972, na juu ya kilimo na makazi yao mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, pamoja na watafiti wa Japani, kilifanya kazi ya miaka mingi katika wilaya hiyo. Mwaka 2006 Nobuko Yoneda alichapisha msamiati wa Kimatengo. Kuhusu majirani zao Wangoni, Padre Elzear Ebner wa Shirika la Mtakatifu Benedikto alitoa kitabu cha historia yao mwaka 1987. Na Kanisa lisilojua lolote ni lipi? Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Jimbo Katoliki la Mbinga liliundwa mwaka 1986. Sisi Walutheri ni wachache huko, na tunapoingia kufanya utafiti tunaingia kama wageni katika nyumba yenye wenyewe.

Kosa la kijana huyu si la taaluma peke yake. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anapoieleza amri ya nane haishii kwenye kukataza uongo mahakamani. Anatutaka pia tumtetee jirani, tumnenee mema na kuyatafsiri matendo yake kwa wema. Anayeandika kwamba watu wa kwao hawana kitu, ili mtu wa mbali amwonee huruma na kutoa fedha, amemshuhudia jirani yake uongo, na amefanya hivyo mahali ambapo jirani hayupo wala hawezi kujibu. Uzito unaongezeka kwa kuwa ushahidi huo unalipwa.

Nalo neno pengo lenyewe linatusaidia. Pengo huonekana katika kinywa chenye meno. Kinywa kisicho na jino hata moja hakina pengo. Kwa hiyo mwombaji hawezi kulionyesha pengo kwa haki kabla hajayahesabu meno yaliyopo, yaani vitabu vilivyoandikwa, pamoja na maarifa ambayo hayajaandikwa lakini yanatumika kila siku.

Ngoro ni hoja

Mtu anaweza kusema kwamba natafuta kosa katika jambo dogo la mtindo wa kuandika. Historia ya kilimo cha nchi yetu inaonyesha kwamba si jambo dogo. Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali kwa njia iitwayo ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokingamana hadi mteremko wote unakuwa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, yakapatikana matuta yanayolizunguka shimo. Kwa desturi wanaume hukata na kupanga nyasi, na wanawake huchimba. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta kwa mzunguko wa miaka miwili. Shimo hupokea maji ya mvua yasiporomoshe udongo, na nyasi zilizofunikwa huoza na kuwa mbolea.

Pike alipofika huko hakutanguliza dhana ya ukata. Aliona kwamba watu hawa walikuwa tayari na jibu la swali lililoisumbua serikali ya kikoloni. Kwingineko mambo yalikwenda vingine. Katika milima ya Uluguru serikali hiyo ilidhani kwamba wakulima hawana maarifa ya kuhifadhi udongo, ikawalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wananchi walipinga waziwazi, ghasia zikatokea, na mpango ukaanguka. Mwenye kutafuta ukata huuona hata mahali pasipo na ukata, na akipewa fedha na mamlaka, dhana yake huwa mzigo juu ya migongo ya watu wengine.

Wanateolojia tusijitoe katika lawama hiyo. Swali la mtafiti wa dini likianza na wazo kwamba kijiji kiko gizani, majibu yote yatakuwa ya taa ambayo mtafiti mwenyewe ameibeba.

Barua za sifa

Kiungo cha pili kinachohitaji kuhakikiwa ni kile kinachomhusu mwombaji mwenyewe. Hapa kijana aliyelelewa kutojisifu mbele ya wazee anatakiwa ajitangaze kuwa wa kwanza, wa pekee na bora, na aongeze barua za wadhamini wenye majina makubwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Zaidi ya hayo, mgema anayejisifu mwenyewe huenda asikumbuke tena ladha ya tembo lake.

Paulo aliwauliza Wakorintho kama anahitaji barua za sifa kwao au kutoka kwao, akawaambia kwamba wao wenyewe ndio barua yake, inayojulikana na kusomwa na watu wote (2 Kor. 3:1-3). Hakusema kwamba barua ni dhambi, maana yeye mwenyewe alimtambulisha Fibi kwa kanisa la Rumi (Rum. 16:1-2). Alichosema ni kwamba barua ya karatasi ina thamani pale tu nyuma yake wapo watu wanaoweza kuithibitisha. Mwombaji wetu basi na ajiulize: mbali na profesa wa ng'ambo, nani katika mahali ninapopaandika anaweza kunishuhudia? Mwinjilisti wa mtaa? Mtendaji wa kata, ambaye atapokea barua yangu ya utambulisho kutoka mkoani na wilayani? Mama aliyechimba ngoro nitakayoieleza?

Luther katika mabishano ya Heidelberg mwaka 1518 alimtofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, na kipimo kimojawapo kilikuwa uaminifu katika kuyapa mambo majina yake. Maelezo ya mwombaji yanaweza kupita katika kipimo hicho. Kusema "nimefundisha Agano Jipya kwa miaka 6, nasoma Kijerumani kwa shida, nazungumza Kimatengo tangu utoto" si majivuno wala unyenyekevu wa uongo. Ni taarifa, na mwamuzi mwenye busara huipima kuliko sifa tupu.

Fedha zenye wajibu

Wapo watakaouliza kama si heri kuachana na fedha hizi kabisa. Historia yetu wenyewe inajibu. Udaktari wa Luther ulilipiwa na mfadhili. Johann von Staupitz alimsukuma ausomee, na Mteule Friedrich wa Saksonia akakubali kuulipia kwa sharti kwamba Luther afundishe Maandiko katika Chuo Kikuu cha Wittenberg maisha yake yote. Mwaka 1512 Luther alikwenda Leipzig kupokea gulden 50, akaziandikia stakabadhi, na mwezi huohuo wa Oktoba akapewa shahada. Baadaye, alipoulizwa kwa mamlaka gani anafundisha anayofundisha, alitaja kiapo chake cha udaktari. Ufadhili ule ulimfunga na mahali na kundi la wanafunzi, na kifungo hicho ndicho kilichompa uhuru wa kusema.

Kwa hiyo tusiishie kuuliza kama fedha ni safi. Tuulize pia zinamfunga msomi na nani. Ufadhili mwingi wa leo unamfunga na mfadhili kwa muda wa ruzuku, na na jarida la kigeni kwa muda wa kupandishwa cheo. Na bado haja ni ya kweli. Anayetaka kuandika historia ya Kanisa katika pwani ya Nyasa, kule Liuli na Mbamba Bay katika eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Nyasa, atakuta kwamba misheni ya UMCA iliyofanya kazi huko iliongozwa kutoka kisiwa cha Likoma, na nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa Oxford. Barua zilizoandikwa kando ya ziwa letu hazisomeki bila nauli ya ndege. Hapo ufadhili si anasa.

Lakini tunao pia mfano wa namna nyingine. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi makwao kukusanya habari za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee, katika mradi walioufanyia kazi Gilbert Gwassa na John Iliffe. Katika matunda yake mojawapo ni kitabu cha Mapunda na Mpangara juu ya vita hiyo katika Ungoni, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969. Vijana wale walikwenda wakijua kwamba wazee wanajua. Pengo lilikuwa katika maktaba, na meno yalikuwa vijijini. Hivyo ndivyo swali la utafiti linavyopaswa kusimama.

Kipimo cha sengu

Tutapataje basi kipimo cha andiko jema? Napendekeza tukitafute Mbinga kwenyewe. Wamatengo wana desturi iitwayo sengu. Wanaume wa ukoo walikutana kwa mzee wakala pamoja chakula kilichotoka katika nyumba mbalimbali, vijana wakafundishwa, na mambo ya ukoo yakajadiliwa. Katika kijiji cha Kindimba neno hilo lilifufuliwa kuwa jina la kamati ya wanakijiji wakati wa kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine niliyoitaja. Kipimo ni hiki: je, andiko hili lingeweza kusomwa kwa sauti katika sengu, na mwandishi akaendelea kula? Na kwa kuwa sengu ya zamani ilikuwa ya wanaume, tuongeze: je, lingeweza kusomwa pia jikoni, mbele ya wanawake waliopika chakula hicho?

Andiko la kwanza la kijana wetu lingeanguka. Tuliandike upya:

"Kilimo cha ngoro na desturi ya sengu vimekwisha kuelezwa na watafiti wa kilimo na wa anthropolojia, na wazee wa Mbinga wanavijua kuliko vitabu. Katika maandishi niliyoyasoma sijaona maelezo ya jinsi Wakristo wenyewe wanavyohusianisha meza ya sengu na Meza ya Bwana, hasa pale ndugu waliogombana wanapotakiwa kupatana kabla ya kushiriki. Naomba miezi 12 ili niwasikilize waumini wa parokia 3 na usharika 1, wanawake kwa wanaume, na kuwasomea matokeo kwa Kiswahili kabla ya kuyachapisha."

Andiko hili ni la kweli zaidi, na naamini ni lenye nguvu zaidi hata mbele ya mfadhili. Waamuzi wengi wanazifahamu taaluma zao, na mwombaji asiyemtaja Basehart huonekana hajasoma. Swali limekuwa dogo, linafanyika kwa mwaka mmoja, na linagusa kiini cha imani yetu juu ya Ekaristi na upatanisho (Mt. 5:23-24). Sidai kwamba ukweli hushinda kila mara. Yako maandiko ya kweli yatakayokataliwa, na ya majivuno yatakayopewa fedha. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini aliyekataliwa kwa andiko la kweli anabaki na swali jema na jirani asiyesingiziwa, naye anaweza kuomba tena.

Hitimisho

Uhakiki huu una madai kwa pande tatu. Wafadhili wanaotaka matokeo ndani ya miezi 12 wakumbuke kwamba hata ngoro huhitaji miaka miwili kukamilisha mzunguko wake, na waruhusu katika bajeti gharama ya kutafsiri na kuchapa matokeo kwa Kiswahili. Kitabu cha Anneth Munga juu ya mahubiri ya uamsho katika Kanisa letu kilitolewa Lund mwaka 1998 kwa Kiingereza. Ni kazi ya heshima, lakini wahubiri wengi waliohubiri kwa Kiswahili hawawezi kuisoma.

Vyuo vyetu navyo viache kumwacha kijana anakili andiko la mwenzake aliyefanikiwa. Tunafundisha ufafanuzi wa Wagalatia kwa mihula miwili. Tunaweza kutenga majuma machache ya kusoma tangazo la ufadhili kwa makini uleule, na kuunda kamati ndogo ya wahadhiri na mchungaji wa usharika itakayolisoma kila andiko kabla halijatumwa.

Nawe mhadhiri kijana unayeandika usiku, anza na meno, ndipo ulitaje pengo. Weka katika mpango wa kazi siku ya kurudi, na katika bajeti nakala zitakazobaki parokiani na katika ofisi ya kata, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Andika juu ya Ukata ukijua kwamba siku moja mtoto wa Ukata atalifungua jalada lile na kusoma ulichosema juu ya mama yake.